Alama Kwenye Mkono wa Kulia

Tarehe 4 Februari

Wifi,

Salamu nitaziweka mwisho, kama bado utakuwa unasoma. Nimekupigia simu mpaka kidole kimechoka. Inaita, inaita, inakata. Jirani yako naye nikampigia, akaniambia upo, asubuhi unakwenda kazini, jioni unarudi, taa unawasha. Kumbe ni mimi tu ninayekwepwa! Haya, barua haina mahali pa kubonyeza ukaizima.

Nasema moja kwa moja, unanijua. Nataka pinde za mdogo wangu, zote tatu. Hapa klabu tunapanua ukumbi wa mazoezi, na wanafunzi wangu wanapokezana pinde kama watoto wanaogombania bembea moja. Za kwake zimetundikwa tu kwenye chumba chako cha nyuma, na upinde usiovutwa unakufa. Mwisho wa Aprili dereva wa klabu atakuja huko na gari, nami nitakuwa ndani yake.

La pili si la pinde. Tangu tumzike mwezi wa kumi na mbili, watu wa nyumbani hawaishi kuniuliza: yule mke, mbona hakulia? Ulikaa pale msibani umeshika kikombe, macho makavu. Hata shangazi alipokuangukia kifuani ulimshika bega kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Mimi nawajibu kwamba kila mtu analia kwa namna yake. Lakini hiyo namna yako, wifi, hata mimi sijaiona.

Basi, salamu. Na ule, usikae na njaa.

Wifi yako,
Bi Kiwiko


Tarehe 15 Februari

Wifi,

Barua yako imefika. Ni kweli simu siipokei. Nikipokea najisikia ninavyojibu, sauti imelala bapa kama shati lililotoka kwenye pasi, na anayepiga anaanza kunihurumia. Kwenye karatasi haisikiki.

Naona sasa hata saini unaweka jina walilokubandika wanafunzi wako, kwa vile unavyowapigia kelele za kurekebisha kiwiko kutwa nzima. Mdogo wako angecheka.

Umeuliza kuhusu kulia. Sikukataa kulia. Kulia kwenyewe hakukuja. Naamka, nakwenda kwa dobi, napiga pasi mpaka jioni, narudi. Juzi pasi ilinigusa kidole nikajua kwa harufu. Aliyepiga kelele ni bosi.

Pinde zipo ukutani, kama alivyoziacha. Ule mrefu wa mti, ule wa vipande vitatu wenye ncha zilizojikunja, na ule mweusi wa magurudumu. Mbili za kwanza chukua. Wa magurudumu naomba uniachie. Ndio alioushika mwisho.

Sijui nautakia nini, na sitaki tubishane. Nautaka tu. Ni kitu cha kwanza nilichokitaka tangu Desemba.

Wifi yako,
Mpiga pasi


Tarehe 24 Februari

Wifi,

We una vituko! Katika zote tatu umeng'ang'ania ule ninaouhitaji kuliko zote. Utaufanyia nini? Utaanikia nguo? Yale magurudumu si ya baiskeli, mama.

Ngoja nikwambie ukweli. Mdogo wangu nilimfundisha mimi, upinde wa mti, tangu meno ya mbele hayajaota. Akaupenda. Halafu miaka miwili iliyopita, ghafla, akaacha mashindano, akaacha kuja klabu, akanunua magurudumu, upinde unaokubebea mzigo. Kisingizio kazi nyingi, kisingizio bega. Nikasema ndoa imemtia uvivu. Nikasema wifi kamfungia ndani kama kuku. Sikusema pembeni, nilikwambia usoni.

Lakini wifi akiomba hanyimwi hivihivi, anatolewa jasho kwanza. Tuwekeane sharti. Nitakufundisha kwa barua. Kwa kila upinde, uvute na upachike mshale kwenye shabaha. Ukiweza kwa zote tatu, gari litarudi tupu, zote ni zako, na klabu nitajua mwenyewe cha kuwaambia. Ukishindwa hata mmoja, nabeba zote, na sitaki mtu aninunie.

Somo la kwanza, upinde wa mti. Simama ubavu kwa shabaha. Mkono wa kushoto ndio wa upinde, wa kulia ndio wa kamba. Shika mpini kwa kiganja kizima, kama unavyoshika pasi yako, ila usikamue. Bega la upinde lishushe, lisikupande sikioni. Mkono wa upinde ulegeze kidogo penye kiwiko, maana mti una teke, na mkono uliokakamaa utalipeleka teke lote begani. Vuta kwa mgongo, vidole ni ndoana tu, mpaka kidole cha shahada kiguse pembe ya mdomo. Hapo usikae kutafakari. Mti haupendi kusubirishwa. Achia.

Siri ya kiwiko yenyewe nitakwambia ukishaumia. Hakuna anayeielewa kabla.

Bi Kiwiko


Tarehe 8 Machi

Wifi,

Nimekubali sharti.

Korido ya nyumbani ni ndefu, ingetosha, lakini sikutaka. Nafanyia mazoezi kazini. Nyuma ya duka kuna ua mwembamba kati ya matangi ya maji na ukuta wa jirani, na bosi kaniruhusu kuutumia tukishafunga. Shabaha ni robota la nguo zisizochukuliwa. Watu wanaleta nguo zao kusafishwa, wanalia zifanywe haraka, halafu hawarudi tena. Bosi kazifunga pamoja na kuzikaza kwa waya. Juu kabisa kuna koti la bwana harusi. Nalenga kifungo.

Kuvuta si kazi. Miaka yote hii na pasi imenipa mgongo bila mimi kujua. Mishale ya kwanza ilikwenda kwenye matangi. Sasa inakwenda kwenye koti, lakini si kifungoni.

Kamba inanipiga. Sikujua mpaka bosi aliponishika mkono juu ya meza ya pasi akaniuliza, nani kakupiga wewe? Nikatazama. Ni ndani ya kigasha, chini ya kiwiko kushuka hadi karibu na kifundo cha mkono. Mstari mwekundu wa siku hiyo, zambarau chini yake, na pembeni njano ya zile za nyuma. Nikibonyeza, najua nabonyeza. Basi.

Nadhani nimeshaumia. Niambie hiyo siri.

Mpiga pasi


Tarehe 19 Machi

Wifi,

Zambarau na njano! Karibu darasani, sasa we ni mwanafunzi kweli.

Sikiliza kiwiko. Nyoosha mkono wa kushoto, bandika kiganja ukutani. Kiganja kisisogee hata kidogo, zungusha kiwiko peke yake, mpaka ncha yake iangalie nje, isiangalie chini. Umeona ile nyama ya ndani ilivyojiondoa? Hapo ndipo kamba inapopita. Sasa fanya kinyume, kaza kiwiko mpaka mwisho, kijifunge kama bawaba. Umeona ndani ya mkono kunavyojitokeza mbele? Kamba haina huruma, itapita hapohapo kila mara. Mwanafunzi anayefunga kiwiko namtoa kwenye mstari wa kupigia, awe mtoto wa nani.

Nilitaka niishie hapo. Nimeiweka kalamu, nimeichukua tena.

Rangi zako hizo zimenirudisha hospitali. Asubuhi ile ya mwisho wake, nilipofika, nesi alikuwa anapandisha mkono wa shati la mdogo wangu atafute mshipa. Shati la mikono mirefu, kwenye joto lile. Ulikuwa mkono wa kulia. Ndani ya kigasha, kuanzia kiwiko hadi kifundo, zambarau juu ya njano, mpya juu ya kuukuu. Nesi akaniangalia mimi, mimi nikakuangalia wewe. Wewe ukaushusha ule mkono wa shati, ukafunga kifungo.

Ingekuwa wa kushoto ningesema ni kamba, ndio mkono wake wa upinde tangu utoto. Lakini mkono wa kulia ndio unaovuta, haupigwi na kamba hata iweje. Mkono ule mtu anashikwa. Anaburutwa. Nimelimeza hili tangu siku ile, limenikaa kooni kama mwiba, sasa nalitema. Wifi, ulimfanya nini mdogo wangu?

Dada yake


Tarehe 30 Machi

Wifi,

Kiwiko nimekielewa. Nilijizoeza kwenye ukuta wa chumba cha pasi, kiganja juu ya plasta ya moto, bosi akadhani nazimia. Kamba hainigusi tena. Koti la bwana harusi limepoteza kifungo, kwa hiyo upinde wa mti nimeumaliza.

Swali lako nimelisoma. Sikumfanya kitu. Kuna zaidi ya hapo, lakini si langu la kusema. Niliombwa ninyamaze nikakubali, na aliyeniomba hayupo wa kunifungua mdomo. Ukitaka kunidhania vibaya, nidhanie. Haitaniuma. Sisemi kwa jeuri, nakueleza tu hali yangu ilivyo.

Naomba somo la pili.

Mpiga pasi


Tarehe 9 Aprili

Mke wa mdogo wangu,

Eti haitakuuma. Mimi imeniuma! Mama alipokuwa kazini, aliyembeba yule mtoto mgongoni ni nani? Leo nimeshamzika, na bado kuna siri ya chumbani ambayo mimi sifai kuisikia. Sawa. Asante sana.

Sharti ni sharti, na mwalimu haachi somo katikati kwa sababu mwanafunzi kamkera. Nakupa masomo yote mawili hapa. Baada ya hapo sitaki barua. Tarehe thelathini nakuja na gari.

Upinde wa vipande. Mkono wa upinde hapa unanyooka kuliko kwenye mti, ila haufungwi. Mpini haushikwi, unasukumwa kwa kitako cha kidole gumba, vidole vingine vimelala. Kamba ije chini ya kidevu na iguse pua. Kiwiko cha kuvuta kikae juu kidogo ya mshale, nyuma yake kabisa, mstari mmoja nao. Hapa unaweza kusubiri, huku mgongo unaendelea kuvuta bila mtu kuona.

Upinde wa magurudumu. Kamba yake huvuti kwa vidole. Kuna kidude cha kufungwa kwenye kifundo cha mkono, kina ndoana na kitufe. Mwanzo ni mzito, ukifika karibu na mwisho magurudumu yanageuka, uzito unaanguka, unabaki kama mtu aliyebeba kikapu kitupu. Kwa hiyo mkono wa upinde haupigani na kitu. Kiwiko kilegee, bega lilale. Watu wanadhani huo ndio rahisi, ndiyo maana wanaukosea. Na usiiachie kamba bila mshale, utapasuka huo upinde.

Dada wa marehemu


Tarehe 18 Aprili

Wifi,

Umesema hutaki barua. Hii ni ya somo tu.

Wa vipande nimeuweza. Mshale umeingia kwenye mfuko wa koti, ukakaa humo kama kalamu ya karani.

Wa magurudumu ndio unanishinda, na nadhani ni mbovu. Nafanya ulivyoandika, upinde kushoto, kamba kulia. Mshale hauna pa kulala. Kile kijiti cha kuuegeshea kiko ng'ambo, upande wa kulia wa mpini. Nikilazimisha, mshale unaanguka chini. Labda waliotengeneza walikosea, au yeye alinunua bila kuangalia.

Halafu kwenye mpini kuna kile kitambaa nilichomshonea cha kufungia kiganja, cha turubai la meza ya pasi. Mkono wangu wa kushoto hauingii, tundu la kidole gumba liko upande usio wake. Nikikifumua nitaharibu upinde?

Siku zimebaki chache. Sitaki kuupoteza kwa kosa la kiwandani.

Mpiga pasi


Tarehe 23 Aprili

Wifi,

Usifumue kitu. Usiuguse.

Upinde si mbovu. Huo ni upinde wa mashoto. Unashikwa kwa mkono wa kulia, unavutwa kwa wa kushoto. Mdogo wangu hakuwa mashoto. Na mpiga upinde hafungwi kiganja kwenye mpini, labda kama kiganja chenyewe hakishiki.

Wanafunzi nimewarudisha makwao. Nimekaa sakafuni hapa ukumbini, barua yako mapajani. Ule mkono wake wa kulia ulikuwa na nini? Nijibu, wifi. Nakuomba. Itume kwa njia ya haraka.

Bi Kiwiko


Tarehe 26 Aprili

Wifi,

Sikukwambia mimi. Mimi niliulizia upinde mbovu, upinde ukakwambia wenyewe. Nadhani neno langu halijavunjika. Kama limevunjika, atanisuta tutakapoonana.

Nilijua alibadilisha mikono. Sikujua kwamba pinde nazo zina mikono. Nilidhani upinde ni kama pasi, unashika kwa wowote.

Miaka miwili iliyopita aliamka asubuhi akashindwa kufunga vifungo vya shati. Akacheka, akasema mkono ameulalia. Daktari akasema ni kiharusi kidogo. Mdomo ulirudi, mguu ulirudi. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikuwa unanyanyuka kutoka begani na kunyooka, lakini kiganja hakishiki na ngozi haisikii. Hatujafika hata kwenye geti la hospitali akaniambia, dada asijue. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Dada akijua ataacha klabu, atahamia kwetu, atanilisha kwa kijiko. Nipe mwaka. Nikiweza kwa kushoto, nitakwenda mwenyewe nisimame kwenye mstari wake, anione." Mwaka ukawa miwili.

Akanunua wa magurudumu kwa sababu ndio uliokubali hali yake. Alipiga hapa nyumbani, koridoni, kutoka mlango wa jikoni hadi gunia la matambara kule mwisho. Mimi namfunga kiganja, anapiga, namfungua. Mkono hauna nguvu, kwa hiyo ilibidi akaze kiwiko mpaka kijifunge, mfupa juu ya mfupa. Wakati ule sikujua kama ni kosa, yeye alijua. Kila siku alisema, "Dada angeniona hapa, vioo vyote vingepasuka." Kamba ikawa inampiga kila mshale. Nikamwambia avae kinga ya ngozi. Akasema kinga ni ya mkono unaosikia. Basi nikawa nampaka dawa, nampigia pasi mashati ya mikono mirefu.

Alikuwa na mzaha wake. Tukiwa mezani, anakula kwa kushoto, anautazama ule mkono umelala pajani. Anasema, "Huyu naye anaitwa mkono wa kulia. Kula hali, kulia halii. Tunamweka wa nini?" Nilikuwa nacheka mpaka napaliwa.

Wifi, siku hizi huyo ni mimi. Ndiye uliyemkuta msibani ameshika kikombe. Si moyo mgumu. Ni ganzi.

Desemba, kabla kiharusi hakijarudi kumchukua, alikuwa amefikia kutopoteza mshale. Tulikuwa tuje kwako Januari. Alishachagua shati, la mikono mifupi.

Njoo na gari. Nitakuwa nimezifunga vizuri.

Mpiga pasi


Tarehe 30 Aprili

Wifi yangu,

Leo ndiyo siku ya gari. Dereva kapiga honi nje, nimemwambia arudi kwake akalale.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaisoma nimelala chini. Nimelia, wifi, mpaka mlinzi wa klabu kaja kuchungulia. Alama ya kamba! Mimi! Nimepaka dawa mikono ya wanafunzi wa kila umri, alama ile ningeitambua hata kwa kupapasa. Ilikuwa mbele ya macho yangu, urefu uleule, mahali palepale, rangi zilezile, nikashindwa kuiona kwa sababu iko kwenye mkono usio wake. Nikaona rahisi zaidi kukudhania wewe. Nisamehe. Ningejua kuliandika hilo kwa namna nzuri zaidi ningeliandika. Nisamehe tu.

Na yule mjinga, eti nitamlisha kwa kijiko! Ningemlisha, ndiyo. Angeuma kijiko ningemlisha tena. Na kelele ningepiga, vioo vingepasuka kweli. Halafu ningenyamaza, nimsogezee shabaha karibu, nimfunge kiganja mwenyewe. Januari, wifi. Angengoja Januari tu.

Shangazi nimemweleza. Atakayeuliza tena mbona hukulia, atanitambua.

Pinde ni zako, sharti nimelifuta. Lakini nakujua, wewe huachi shati nusu limenyooka nusu limekunjamana. Huo wa mwisho usiuvute kwa masomo yangu. Ingiza mkono wa kulia kwenye kitambaa chake. Vuta kwa kushoto. Kuhusu kiwiko, safari hii sisemi kitu.

Wifi yako,
ambaye leo hana jina


Tarehe 9 Mei

Wifi,

Nimepiga. Sikwenda uani kwa dobi. Nimepigia koridoni, gunia lake bado lipo kule mwisho.

Mkono wangu umezama kwenye kile kitambaa, maana nilikipima kwa kiganja chake. Ndani kimekakamaa kwa jasho lake. Mkanda nimeukaza kwa meno. Aliyekuwa anafunga ni mimi, na mimi sasa ndiye niliyekuwa nafungwa, hakukuwa na mtu wa pili.

Mkono wangu wa kushoto hauna akili. Nikanyoosha wa kulia. Ungeniona ungenitoa kwenye mstari. Nilikaza kiwiko mpaka kikajifunga, makusudi, nisimame alivyokuwa anasimama. Uzito ukaanguka kama ulivyosema, nikabaki na kikapu kitupu. Nikabonyeza kitufe.

Mshale umeingia kwenye gunia. Kamba ikanipiga.

Imeuma, wifi. Imeuma mpaka nikapiga ukelele. Nikasimama pale nautazama mstari unavyojichora, mwekundu, mahali palepale nilipokuwa nampaka dawa. Nikawaza, hivi ndivyo ilivyokuwa inampiga. Kila mshale, kila siku, miaka miwili, na yeye hakusikia hata mmoja. Nami nilikuwa nasimama nyuma yake nampigia makofi. Mishale yote ile, wifi, haikumuuma mtu yeyote.

Nikakaa chini na upinde wake mkononi, sikuweza hata kujifungua. Nimelia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Jirani akagonga, akagonga, mwisho akaingia mwenyewe. Akanifungua mkanda, akakaa sakafuni pembeni yangu mpaka giza likaingia.

Halafu nimekula. Nimekula kwa kushoto maana wa kulia umevimba, nikachafua meza yote, na hakukuwa na wa kunicheka.

Mkono huohuo wa kulia ndio ninaoandikia sasa, usishangae mwandiko. Unauma kila neno. Usiniambie niweke barafu, uache kwanza.

Piga simu. Nitapokea.

Wifi yako